Apu ya mauzo, nimeitumia kibandani Kigoma karibu miaka miwili: nyota 3, na ya tatu nimeitoa kwa shingo upande

Mi nauza dagaa, mawese na mchele kidogo, kibanda kiko soko la Mwanga hapa Kigoma mwisho wa reli, dagaa nafata mwenyewe Kibirizi alfajiri na mawese naletewa kutoka Mwandiga. Nimekaa na daftari miaka kumi na moja. Februari 2024 akapita kijana mmoja sokoni na fulana mpya ya kampuni, akaniwekea apu ya kurekodi mauzo, miezi miwili bure halafu elfu kumi kila mwezi. Jina la apu siliweki, maana yaliyonikuta mimi huenda mwenzangu wa Kariakoo hayajamkuta na sitaki kuitwa na mawakili wa mtu. Ila nimeitumia kweli, sio wale wanaofungua siku mbili wanakuja kugawa nyota.

Nianze na madeni maana ndo yamefanya nisiifute. Daftari langu lilikuwa na mafuta ya mawese kila ukurasa, jina la mtu unalisoma nusu, na kina mama Asha wako watatu. Kwenye apu unaandika mama Asha wa Gungu, tarehe, kiasi, alicholipa, kilichobaki. Kuna mzee mmoja wa Ujiji tumebishana naye deni la dagaa tangu enzi za mafuriko ya bandarini, sasa hivi akianza tu namgeuzia simu anasoma mwenyewe, anasema haya mwanangu, anatoa. Na mtandao ukikatika kabisa apu inaendelea kuandika, ukirudi inatuma yenyewe. Hapo nawapa hongera kwa moyo mweupe.

Shida ni mtandao ule wa nusu, upo haupo.

Novemba ya mwaka huohuo nilienda Kasulu wiki nzima, kibanda nikamwachia binti anayenisaidia, ana miaka miwili kwangu na hajawahi kunilia hata mia. Narudi jumamosi nafungua apu inaniambia stoo kuna madumu 31 ya mawese. Naingia stoo nahesabu, 19. Nikarudia kwa kugusa moja moja, 19. Madumu 12 ya lita ishirini hayapo, na dumu si pipi useme limedondoka kwenye mfuko uliotoboka. Nikamwita. Akaapa. Nikamwonyesha kioo nikamwambia mashine haina undugu na mtu, haina njaa, haina bwana wa kumhonga, sasa kati yako na hii nimwamini nani? Akalia kidogo halafu akanyamaza, na kule kunyamaza mi nikakuhesabu ndo kukiri kwenyewe. Nikampa nauli akarudi kwao Buhigwe.

Siku nne zimepita anakuja mtoto wa kaka yangu, anasoma mambo ya kompyuta Dodoma, yuko likizo. Namsimulia huku napepeta mchele, yeye hata hajaniangalia, anasema shangazi lete simu. Akaingia sehemu imeandikwa Kumbukumbu ambayo mi tangu niwe na hiyo apu sijawahi kuigusa, akashuka na kidole mpaka jumatano. 16:42 mawese dumu 6. 16:42 mawese dumu 6. 16:43 mawese dumu 6. Akanigeuzia kioo. "Shangazi, huyu wa Mwandiga alikuletea mzigo mara tatu ndani ya dakika moja?"

Miguu iliisha nguvu.

Tukampigia binti, nikaweka spika. Anasema mama, mvua ilikuwa imeanza, mtandao uko chini, nikabonyeza Hifadhi kikawa kinazunguka tu, mwenye mzigo kasimama anataka kuondoka njia haijawa tope, nikabonyeza tena kikazunguka, ya tatu ndo ikaandika imehifadhiwa. Jamani nani asingebonyeza? Hodi yenyewe mtu mstaarabu anapiga mara tatu ndo aondoke. Apu ikachukua kila hodi kama mgeni mpya.

Huyu kijana wa kaka yangu akanieleza kwamba hii si ajabu wala si ngumu kuizuia. Ukifungua ile fomu ya kupokea mzigo, apu inatakiwa iipe namba yake palepale, kama namba ya stakabadhi, sasa hata mtandao ukituma mara kumi, kule zinakohifadhiwa wanaona namba ni ileile wanapokea moja tu na zilizobaki wanatupa. Waliotengeneza yangu hawakuweka, labda kwa sababu ofisini kwao mtandao hauzunguki.

Halafu akanisimulia ya Uingereza, na hiyo ndo ilininyima usingizi. Posta ya kule kuanzia 1999 iliweka mfumo wa hesabu unaitwa Horizon, wa kampuni ya Fujitsu, kwenye matawi yake ya mitaani, yale yanayoendeshwa na watu wa kawaida tu wenye kiduka chao. Jioni mtu anafunga hesabu mfumo unasema hela imepungua. Analipa ya mfukoni. Kesho imepungua tena. Wakilalamika wanaambiwa mfumo ni imara, tatizo ni wewe. Mpaka 2015 watu zaidi ya 900 walikuwa wametiwa hatiani, wengi wao walishtakiwa na posta yenyewe, kuna waliofungwa, kuna waliouza nyumba, kuna waliokufa hawajasafishwa majina. 2019 jaji wa mahakama kuu ndo akasema wazi mfumo ulikuwa na makosa yenye uwezo wa kuharibu hesabu za matawi, na 2024 bunge lao likapitisha sheria ya kuzifuta zile hukumu. Na sikia hii. Kwenye tawi la mji mmoja Scotland unaitwa Dalmellington, 2015, mhudumu anapokea pauni elfu 8, kioo kikaganda, akabonyeza tena na tena. Zikaandikwa mara nne. Mfumo ukaona zimepungua pauni elfu 24.

Yaani dumu zangu zilezile. Mimi na posta ya Uingereza tofauti yetu wao walikuwa na mahakama, mi nina sebule.

Kesho yake nikapanda gari mpaka Buhigwe na kitenge cha wax kipya kwenye mfuko, nikakaa kwenye mkeka wa mama yake nikaomba radhi mbele ya watu. Nauli kwenda na kurudi, kitenge, na mshahara wa siku alizokaa nyumbani, hizo apu haina sehemu ya kuandika. Nyota moja imeondoka hapo na hairudi.

Binti aliporudi kijana akaomba akae na sisi kibandani siku tatu. Utafiti wake wa mwaka wa mwisho ni juu ya uimara wa programu, na anasema mwalimu wao amewakazania kwamba uimara huwezi kuupima umejifungia na kompyuta chumbani, lazima uende ukamwangalie mtu anayeitumia akiwa na shughuli zake. Akakaa juu ya gunia la mchele na daftari (daftari! baada ya mi kuacha la kwangu) anaandika kila tunachobonyeza. Siku ya kwanza aliniudhi sana.

"Shangazi, hiyo meseji imesema nini?"

"Meseji ipi?"

"Uliyoijibu Ndiyo sasa hivi."

Sikuijua. Nakwambia kweli sikujua kama kulikuwa na meseji. Hii apu inauliza Una uhakika? kwa kila kitu, ukiuza sado moja una uhakika, ukibadilisha bei una uhakika, ukitoka una uhakika, mpaka kidole chenyewe kimejifunza njia, kinaenda pale kwenye Ndiyo kabla macho hayajafika. Jioni akanionyesha kwamba siku hiyo nilikuwa nimefuta mauzo mawili halali, apu iliniuliza vizuri tu na mi nikaiambia ndiyo nina uhakika.

Nikadhani atanicheka, hakucheka. Akaniambia kuna mashine ya kutibu saratani kwa mionzi ilikuwa inaitwa Therac-25, ya kampuni ya Kanada, kati ya 1985 na 1987 iliwapiga wagonjwa sita mionzi mikubwa kuliko inayotakiwa na kuna waliokufa. Kwenye hospitali moja ya Tyler, Texas, mhudumu mzoefu aliandika aina ya mionzi akakosea herufi moja, akarudi juu akaisahihisha haraka kama mtu anayeijua kazi yake. Mashine ikaandika kosa namba 54, basi, haisemi 54 ndo nini. Na kwa kuwa ile mashine ilikuwa na tabia ya kukwamakwama kila siku kwa vitu vidogo, wahudumu walishazoea, ukiona imesimama bonyeza P iendelee. Akabonyeza. Mafundi wa kiwanda walipokuja kujaribu hawakuona kosa, maana wao walikuwa wanaandika polepole. Kosa lilikuwa linatokea ukisahihisha ndani ya sekunde 8 tu. Mgeni wa kazi asingelipata, aliyezoea ndo analipata. Na mashine za zamani za aina hiyo zilikuwa na kizuizi cha chuma na umeme cha kuzuia hilo, kwenye hii wakakitoa wakaiachia programu peke yake.

Nikamuuliza sasa dawa yake ni nini, niwe nasoma kila meseji? Akasema hapana shangazi hutaweza na hakuna anayeweza, dawa ni apu iulize mara chache, iulize kwa jambo zito tu, na ukikosea ikuache urudishe. Yangu hairudishi. Ukifuta umefuta.

Na kufuta ni rahisi mno! Hifadhi na Futa zimekaa pamoja chini kulia kama mapacha, kijani ileile, ukubwa uleule. Mikono yangu ina mawese, kioo kinateleza, mteja wa Bujumbura anahesabu faranga huku ananiuliza bei ya migebuka ambayo hata siuzi. Hapo ndo akaleta habari ya ndege, na hii niliipenda nikamsimulia mpaka mume wangu. Vita vya pili vya dunia, ndege za Marekani za B-17 zikawa zinatua salama kabisa, halafu ziko chini tayari rubani anakunja magurudumu, ndege inalala na tumbo. Kila siku wanaandika kosa la rubani, kosa la rubani. Jeshi likawa na mtaalamu wa saikolojia, Alphonse Chapanis, yeye badala ya kuwasema marubani akaenda kuangalia walikokaa. Akakuta swichi ya magurudumu na swichi ya mabawa ya breki zimepangwa ubavu kwa ubavu na zinafanana kila kitu. Marubani wa ndege nyingine ambazo swichi zake hazifanani walikuwa hawana hilo tatizo. Akabandika kigurudumu kidogo cha mpira kwenye ya magurudumu, na kwenye ya mabawa akaweka umbo la kabari, mtu anajua kwa kugusa hata gizani. Tatizo likaisha. Mpaka leo ndege zina kile kigurudumu.

Kijana akachukua plasta ya kidonda, akakata kipande kama punje ya mahindi, akakibandika kwenye kioo juu ya Futa. Kidole kikikwaruza kinajua sipo hapa. Binti akafurahi, mi nikafurahi, miezi sita hatukufuta kitu kwa bahati mbaya. Kampuni inachukua elfu kumi kila mwezi, plasta shilingi mia.

Mambo mengine nipite haraka. Vipimo: wameweka kilo, lita, pisi na boksi. Sisi dagaa tunauza kwa sado na kwa ndoo, na ndoo ya Kibirizi inajazwa kilima juu, ndoo ya kupimia rejareja inafutwa na ubao. Nikaamua sado moja niandike pisi moja, binti yeye akawa anaandika kilo, wiki mbili hesabu zikawa kama za waganga. Kijana akasema tusijione wajinga, mwaka 1999 Marekani walipoteza chombo kilichokuwa kimefika Mars kabisa kwa sababu programu ya upande mmoja ilitoa hesabu kwa paundi na upande wa pili ukazisoma kama newtoni. Basi na mimi niko kundi moja na NASA. Bado apu hairuhusu uongeze kipimo chako mwenyewe, nimeomba mara nne.

Kuganda: simu ikipokea mpigo wa mtandao mbovu wakati wa radi apu inajifunga yenyewe, ukifungua iko sawa, hajapotea mtu. Eti hata hiyo ina historia, 1988 profesa mmoja wa Wisconsin, Barton Miller, alikuwa kaunganisha kompyuta ya chuo kwa laini ya simu akiwa nyumbani usiku wa mvua, mvua ikawa inaingiza herufi za ajabu kwenye laini na programu za kuaminika zikawa zinakufa moja baada ya nyingine. Akawapa wanafunzi kazi ya kuzitupia programu takataka za makusudi, wakaangusha kati ya robo na theluthi ya zile walizozijaribu. Mpaka leo watu wanapima programu kwa njia hiyo. Waje wapimie Kigoma mwezi wa nne, mvua ipo ya bure.

Sasa meseji. Hapa nina donge. Mei 15 mpaka Agosti 15 mwaka 2024 ziwa lilifungwa kuvua, samaki wazaliane, kila mtu Kigoma anajua, mpaka watoto. Dagaa hakuna, nimebaki na mawese na mchele. Apu kila jumatatu asubuhi: Mauzo yako yameshuka! Jaribu kuwatabasamia wateja. Nitabasamu na nini, na vichanja vitupu? Miezi mitatu natukanwa na simu niliyoinunua kwa hela yangu. Ziwa lilipofunguliwa ikaniletea puto na nyota kwenye kioo, Hongera, umebadilika!

Hiyo ni ya kucheka. Hii siyo. Kuna sehemu ya kuwatumia wadaiwa meseji ya kukumbusha, inajituma yenyewe tarehe ikifika, niliiwasha siku ya kwanza nikasahau. Mteja wangu mmoja wa siku nyingi alifiwa na mama yake Ujiji. Tumekaa msibani, wanawake tuko ndani kwenye mikeka, yeye yuko katikati amejifunika kanga mpaka usoni, jeneza limetoka muda si mrefu. Simu yake ikalia pembeni, akaishika akidhani ni ndugu wa Tabora wamefika stesheni. Nikamuona anasoma. Halafu akanyanyua macho akanitafuta kati ya watu akanipata. Mi bado sijajua, nikamtikisia kichwa cha pole. Usiku ndo nafungua apu nakuta imetuma: Ndugu mteja, deni lako la Sh 46,000 limepita muda, lipa leo kuepuka usumbufu. Na jina langu chini.

Alilipa siku ya tatu, alimtuma mtoto. Hajaja mwenyewe tena kibandani. Nilienda, nikaeleza, akasema hamna shida dada ni mashine, kwa sauti ile ya mtu anayesema hamna shida.

Kijana alikuwa ameshasema kwenye lile daftari lake, aliandika programu haikukosea, imefanya kazi ileile iliyoambiwa, na akapigia mstari chini. Mi nilimwambia asiniletee hiyo. Kama mtu wa duka angetumwa kudai akakuta turubai na viti vya msiba angerudi, na huyo ndo ningemwita anajua kazi. Tukabishana mpaka chai ikapoa.

Huduma kwa wateja: unapiga unaimbiwa, unaandika unajibiwa asante kwa maoni yako tunayathamini. Nilituma kila kitu, picha za 16:42 na 16:43, habari ya plasta, habari ya msiba. Asante kwa maoni yako tunayathamini. Lakini nisiwaonee, mwezi wa tisa mwaka jana walileta toleo jipya, ukibonyeza Hifadhi sasa batani inafifia mpaka imalize, huwezi kubonyeza mara mbili. Kijana anasema wamefunika tu, ile namba ya stakabadhi bado hawajaweka, simu ikizimika katikati ukawasha ukarudia utaandika mbili. Tulijaribu kwa gunia moja la mchele, ikaandika mawili. Afadhali lakini kuliko jana.

Kwa anayeuliza anunue au asinunue: kama una madeni mengi ya watu nunua, kama bidhaa zako zina pisi na boksi nunua, zima meseji za kujituma siku hiyohiyo kabla hujala chakula cha mchana, na kila jumamosi ingia stoo uhesabu kwa mkono. Ukikuta pungufu fungua Kumbukumbu kwanza kabla hujafungua mdomo. Kama unauza kwa sado na unaachia mtu mwingine simu, subiri.

Lile toleo jipya limehamisha batani pia. Futa wameipeleka juu kushoto, nyekundu, mbali kabisa, hapo wamefanya la maana. Kwa hiyo pale chini kwenye plasta yetu sasa ndo pamekaa Hifadhi, na binti wiki nzima alikuwa anakwepa kuhifadhi kwa sababu kidole kinakwaruza. Mwisho tukaibandua kwa kucha. Gundi imebaki kwenye kioo, nikimaliza kuandika mzigo lazima nipasugue kwanza na ncha ya kanga ndo pakubali.